Makochi ya Kuazima kwa Papa Bahati

Nyumba maskini kuliko zote nilizowahi kuingia kwa kazi hapa Goma ilikuwa na makochi matatu ya rangi ya damu ya mzee, televisheni pana kama meza ya kulia, zulia lenye picha ya simba, na jogoo mzima wa kukaanga aliyekuwa akitusubiri kwenye sahani. Mwenye nyumba alikuwa mgonjwa wa sukari na hakujua atapata wapi insulini ya mwezi uliofuata. Tulikuwa tumekwenda kuthibitisha umaskini wake. Tulitoka tumeshiba.

Nirudi nyuma kidogo, maana ninyi vijana mnaoanza kazi ya asistanti sosiali, ofisa wa ustawi wa jamii, mtasema huyu bibi ameanza kuchanganya mambo.

Nilifanya kazi hiyo katika hospitali moja ya mji huu mpaka nilipostaafu. Watu waliniita Mama Sosiali, na jina hilo limenifuata hadi nyumbani. Mpaka leo nikienda kununua sambaza, muuzaji hupima samaki kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili hunionyesha uvimbe kwenye shavu la mtoto wake. Simlaumu. Kwa watu wengi asistanti sosiali ni daktari ambaye hakumaliza shule.

Kazi yenyewe ni kutafuta nani atalipa. Si kwa malaria, wala kwa mfupa uliovunjika. Malaria ina mwanzo na mwisho, na watu wetu ni wepesi kuchangia kitu chenye mwisho. Mimi nilishughulika na magonjwa yasiyoondoka: sukari, figo, moyo, watoto wenye selimundu. Litazameni kanisa lolote. Mwezi wa kwanza mgonjwa wa sukari huchangiwa kwa nyimbo, kwaya inamfuata mpaka kitandani. Mwezi wa pili huchangiwa bila nyimbo. Mwezi wa tatu watu humwombea, tena kwa mbali. Si roho mbaya. Wamemwombea apone, hakupona, hakufa pia, na hakuna wimbo uliotungwa kwa hali hiyo.

Kwa hiyo hospitali ilikuwa na mfuko. Pesa zilitoka kwa wafadhili wa ng'ambo, na mgonjwa aliyekubaliwa alipewa dawa bila kulipa kwa muda fulani, kisha dosie yake, yaani faili lake, ikaangaliwa upya. Sharti lilikuwa awe hana uwezo. Ili kujua kama hana uwezo, kamati ilituma watu wawili nyumbani kwake, na ilikuwa lazima wamwarifu mapema siku ya kuja. Sharti hilo la kuarifu liliwekwa kwa nia njema, tusije tukawavizia watu kama wezi. Lakini aliyeliandika hakulelewa Masisi, wala Bukavu, wala Rutshuru. Huku kwetu ukimwambia mtu "nitakuja kwako Jumanne", umemtangazia sikukuu.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Papa Anselme, mzee mwembamba aliyenitangulia ofisini. Aliingia nyumba za watu akiwa ameshika kofia mkononi na kutoka akijua chumvi yao itaisha lini. Katika siku zangu za kwanza alinipeleka kwa mfanyabiashara mmoja wa nguo aliyeomba mfuko umlipie dawa za presha. Tulikuta sebule tupu, mkeka mmoja, na bwana mwenyewe amevaa shati lililopasuka kwapani. Nilikuwa karibu kulia. Papa Anselme alikaa kwenye mkeka, akanywa maji aliyopewa, akautazama ukuta kwa muda mrefu.

"Papa," akasema, "hii misumari yote ku ukuta, picha zake zilienda wapi?"

Mfanyabiashara akaitazama misumari kama mtu anayekutana nayo mara ya kwanza.

"Zilienda kusalimia ndugu," akajibu.

"Sawa. Zikirudi, utatuita."

Hatukuitwa. Njiani Papa Anselme aliniambia kwamba sebule ni mdomo, inasema inachotaka, na kwamba mtu wa kazi yetu azungumze na jiko. Alimaanisha makala, yaani mkaa. Mwenye uwezo hununua makala kwa gunia, na gunia hata likifichwa kwa jirani linaacha vumbi lake kwenye kona. Aliye chini yake hununua kwa ndoo, maskini kwa kopo. Aliye chini kabisa huenda kwa jirani asubuhi kuomba kaa moja la moto, na mkono wake utauona una alama. Tazameni pia namna mtu anavyokaa. Mwenye kiti anajua mguu upi unacheza na hujiegemeza upande wa pili bila kufikiri. Aliyekiazima hukaa ukingoni, kama yuko kwenye foleni.

Elimu hiyo yote nilikuwa nayo siku tulipokwenda mtaa wa Keshero kwa Papa Bahati.

Alikuwa mfugaji kutoka milima ya Masisi, mtu mrefu mwenye kofia ambayo hakuivua hata daktari alipokuwa anampima. Vita ilimshusha mjini pamoja na mke wake, Mama Mapendo, bila ng'ombe hata mmoja. Walikuwa wamepanga kibanda cha mbao juu ya mawe meusi ya volkano, na wote wawili waliishi kwa kazi ya Mama Mapendo ya kuchambua maharagwe ya wachuuzi, kutoa mawe na mbegu zilizooza, kwa malipo ya siku. Sukari ilimpata Papa Bahati huku huku mjini. Bila insulini ya kila siku asingefika mbali, na mshahara wa maharagwe haukutosha kununua insulini na unga kwa pamoja.

Mwenzangu katika ziara hiyo alikuwa Justin, kijana wa uhasibu aliyeiwakilisha kamati. Msimcheke Justin. Alikuwa mtu mwadilifu ambaye alipewa fishi, fomu yenye visanduku: kiti, ndiyo au hapana, televisheni, ndiyo au hapana. Alivaa tai na viatu vyenye ncha, na mawe ya Keshero yalivipokea vibaya.

Tulipofika mlangoni ilitubidi tuingie mmoja mmoja, tena kwa ubavu. Makochi yalikuwa yamekijaza chumba kama maharagwe ndani ya ganda. Nilipopita niliona kwamba kochi kubwa lilikuwa pana kuliko mlango. Nikatafuta lilipopitia, nikaona: mbao nne za ukuta wa nyuma zilikuwa na misumari mipya, bado inang'aa.

"Mwikale, mwikale," alisema Papa Bahati. Alikuwa amevaa koti zito na fimbo ya kuchungia ng'ombe ilikuwa katikati ya magoti yake. Alikaa ukingoni.

Mama Mapendo alileta chai, kisha Fanta, kisha akatuonyesha jogoo. Mara akaingia mwanamke mnene mwenye mtoto mgongoni. Tulijulishwa kwamba ni Mama Chantal, jirani, amekuja kusalimia. Alisalimia, lakini hakutoka. Aliketi kwenye mkono wa kochi alilokalia Justin na kukitazama kikombe cha Justin.

"Papa, kikombe ukiweke ku sahani," alisema kwa upole.

Justin akakiweka kwenye sahani. Mama Chantal akafuta mkono wa kochi kwa ncha ya kitenge chake, mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Baada ya hapo kichwa cha kijana kilichomoza dirishani. "Papa Bahati, uizime kidogo ile televizio. Ikiwaka mingi inapata moto."

"Ni mutoto wa jirani," Papa Bahati alitueleza. "Anatuangaliaka bintu."

"Aksanti," akasema kijana, na hakuondoka dirishani. Baadaye niliambiwa kwamba televisheni hiyo ilisafiri kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kutoka mtaa mwingine, imefungwa kwa blanketi, na kwamba kijana alitembea kando yake njia nzima akiwa ameishika kama mgonjwa.

Justin alikula, kwa sababu kukataa kungekuwa matusi. Kisha akafungua fishi yake, akakohoa.

"Papa, samahani, ni kazi tu. Haya makochi ni ya nani?"

Mama Chantal akatazama paa. Kijana wa dirishani akatazama ziwa. Mama Mapendo akaanza kukusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula. Papa Bahati hakuyumba.

"Hapa umeona mutu mwingine mwenye kukukaribisha?" akauliza.

Hakusema uongo, mtaona. Justin akaandika.

Nje, kwenye mawe, Justin alisimama kufunga kamba ya kiatu. "Mama Sosiali, mimi nina kazi na mshahara, na sina makochi kama yale."

"Ni ya kuazima, Justin."

"Ninakuamini. Lakini fishi haina kisanduku cha kuazima."

Dosie ilikataliwa. Nilirudi Keshero peke yangu kumwambia. Makochi yalikuwa yameshaondoka, na ukuta ulikuwa umepigiliwa misumari kwa mara nyingine. Papa Bahati alikuwa amekaa juu ya jiwe, nje.

"Papa, juu ya nini haukusema ukweli?"

"Niseme mbele ya Mama Chantal? Yeye na bwana yake babebe kochi ku kichwa, kisha mi niseme hii si yangu, ni ya ule mama? Mugeni haikalake ku ndoo, Mama. Hata kama amekuya kuniuliza kama niko na kiti."

Nilicheka, naye akacheka. Lakini alipoinuka kunisindikiza niliona anachechemea. Alikuwa ameanza kupunguza dozi, akijigawia insulini kama mtu anayegawa chumvi ya mwisho, na kidole cha mguu kilikuwa na kidonda. Daktari alinieleza bila kuzunguka: akipata dawa yake kila siku kidonda kitafunga, akiendelea kujigawia mguu utakatwa. Mfugaji mwenye mguu mmoja juu ya mawe ya Keshero. Sikuhitaji aongeze neno.

Kamati iliruhusu ziara ya pili. Safari hii nilimwambia Mama Mapendo waziwazi: nyumba muiache ilivyo, msiongeze kitu. Yeye alielewa. Kwa bahati mbaya majirani nao walielewa, na wakaona kwamba kosa la kwanza lilikuwa lao. Walifanya kikao na kuamua kulisahihisha.

Siku ya Jumanne tulipofika, nyumba haikuwa na mlango. Sisemi ulikuwa mbovu. Haukuwepo. Kitanda hakikuwepo, sufuria hazikuwepo, hata yale mafiga matatu ya jikoni yalikuwa yamebebwa, sijui na nani, sijui kwa nini, kwa sababu mawe Goma hayajawahi kumfanya mtu yeyote aitwe tajiri. Mama Mapendo alikuwa amevalishwa kitenge cha mwanamke mfupi kuliko yeye. Kwenye kona mama mmoja wa kwaya alikuwa analia polepole, kwa utaratibu. Na katikati ya sakafu tupu, juu ya kipande cha mkeka, aliketi Papa Bahati. Koti walikuwa wamemvua. Kofia ilikuwa imewashinda.

Justin alibaki amesimama na fishi yake. Aliandika: "Mlango: hapana." Akanitazama. Nikatazama nje, nikaona kwa Mama Chantal yale makochi matatu yamepangwa uani, na juu yake godoro, sufuria, na mlango ukiwa na bawaba zake.

Nadhani tungeweza kumaliza salama. Justin alikuwa tayari kuandika haraka na kuondoka. Lakini alikuwa amesimama, na mimi nilikuwa nimesimama, na Papa Bahati alikuwa anatutazama kutoka chini. Nilimwona anavumilia. Kisha uvumilivu ukamwisha.

"Mama Mapendo," akasema, "bageni bako banasimama."

"Papa, nyamaza kidogo."

"Bageni bako banasimama mu nyumba yangu. Lete kiti."

"Walisema tusilete."

"Nani anasema mu nyumba yangu? Chantal, leta kiti."

Na Mama Chantal, ambaye alikuwa amejificha nyuma ya ukuta kusikiliza, akajibu "ndiyo Papa" kabla hajafikiri. Wanawake wanne walishika kochi kubwa. Mbao za ukuta wa nyuma zilifunguka kama pazia, kochi likaingia, likageuzwa, likawekwa chini, yote kwa ustadi wa watu waliokwisha kufanya mazoezi. Mama wa kwaya aliacha kulia ili awaonyeshe upande.

Justin aliketi. Hakukuwa na njia nyingine. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Sasa nimeelewa liliingiaje."

Lakini kuelewa kwake hakukutusaidia. Ripoti ya kwanza ilisema mtu huyu ana mali. Ya pili, kama ingeandikwa ilivyokuwa, ingesema mtu huyu ni mdanganyifu. "Niandike nini, Mama?" aliniuliza tukiwa njiani. "Kwamba niliona utajiri ukiingia kupitia ukutani?" Aliniahidi kuishikilia fishi hiyo mpaka kikao cha mwisho wa mwezi. Zaidi ya hapo asingeweza.

Nilikwenda kwa Papa Anselme, ambaye wakati huo alikuwa ameshastaafu na alikuwa anafuga sungura. Alisikiliza hadithi nzima huku akiwalisha. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema jambo ambalo ningependa mlishike hata kama mtasahau mengine yote.

"Mlienda kama bageni. Mugeni haonake nyumba, anaonaka heshima. Muende kama batu ba kazi."

Nikamuuliza kazi gani.

"Ule mama anachambuaka maharagwe, hapana? Hakuna mutu anachinjiaka jogoo mutu amekuya kuchambua maharagwe."

Nilimwomba Justin aje nami siku ambayo si ya kazi, bila tai. Alikuja bila tai, lakini na viatu vile vile. Gunia la maharagwe ya Kibumba lilikuwa limeshushwa kwa Mama Mapendo asubuhi hiyo. Papa Bahati alikuwa ameenda hospitali kusafishwa kidonda.

"Mama Mapendo," nikasema, "tumesikia kuko maharagwe mingi. Tumekuya kusaidia."

Alitutazama mmoja baada ya mwingine. Alikuwa mwanamke mwenye akili, na sidhani kwamba hakujua. Lakini maneno yalikuwa ya kweli: gunia lilikuwa pale, na mchuuzi angelitaka jioni.

"Ule papa anajua kuchambua?" aliuliza.

"Atajifunza."

Akatumwagia kila mmoja fungu lake kwenye ungo. Mimi alinipa kipande cha ubao. Justin alimsukumia ndoo, ameipindua, na Justin akaikalia. Hakuna aliyeomba msamaha. Hakuna aliyekimbia kwa jirani.

Tulichambua mpaka mchana. Mama Mapendo alimkosoa Justin mara nyingi: "Papa, hii ni jiwe. Mwenye kuikula atakulaani." Na sisi tuliona nyumba, kwa sababu hakuna aliyekuwa anatuonyesha. Makala yalikuwa kwenye kopo la maziwa, na hayakufika nusu. Insulini ilikuwa ndani ya chungu kidogo, kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa chenye mchanga wenye maji, kwenye kivuli, ili isiharibike kwa joto. Mchana ulipofika alisonga bukari, ugali wa mtu mmoja, akaifunika kwa ajili ya mumewe. Kisha akarudi kwenye ungo wake. Justin alimwuliza kama yeye hali.

"Nitakula nikimaliza gunia," alisema. "Nikikula mbele, usingizi utanishika."

Justin hakuandika kitu. Hakuwa na fishi. Lakini niliona amepunguza mwendo wa mikono, na kwamba mawe yalianza kumpita.

Papa Bahati alirudi akiegemea fimbo yake. Alisimama kwenye mlango, ambao safari hii ulikuwepo, akamwona mtu wa kamati amekaa juu ya ndoo, na uso wake ukabadilika.

"Mama Mapendo, ni mambo gani hii? Chantal iko wapi?"

"Papa, acha," alisema mkewe bila kuinua macho. "Huyu leo hakukuya kwako. Amekuya kwangu, na bado hajamaliza fungu lake."

Papa Bahati aliwaza jambo hilo. Alimtazama Justin, akautazama ungo. Kisha akaketi kwenye jiwe lake na kumuuliza Justin kama kwao nyumbani wanaume hufanya kazi hiyo. Justin akasema hapana. "Hata kwetu," akasema Papa Bahati, na wakaelewana.

Katika kikao cha mwisho wa mwezi Justin hakujaza visanduku. Aligeuza fishi, na nyuma yake akaandika kwa mkono alichokiona jikoni, mpaka nafasi ikaisha. Wajumbe walinung'unika kwamba hiyo si njia. Lakini walisoma, na Papa Bahati akakubaliwa. Alipata insulini yake na vijiti vya kupimia sukari, akaacha kujigawia, na kidonda kikafunga kwa taratibu zake. Mguu upo. Juzi niliuona ukimpiga teke mbuzi wa jirani.

Basi vijana, msiniulize kama sheria ilivunjwa. Niulizeni mlango wa jikoni uko upande gani, maana katika nyumba nyingi za mji huu uko nyuma, na hakuna anayeupitia akiwa na tai. Nendeni na kitu cha kufanya: kuchambua, kumenya, kushika mtoto. Msiulize mtu "unaishije?", kwa sababu atawajibu "tunamshukuru Mungu" na mtakuwa mmepoteza siku. Muulizeni nani alimkopesha chumvi mara ya mwisho. Na mkiambiwa mkae, kaeni kwanza, ulizeni baadaye. Mtu aliyeacha mgeni amesimama hawezi kusikia swali lolote.

Ningependa kuishia hapo. Lakini mambo hayajaishia hapo.

Siku hizi wafadhili hawataki tena ziara za nyumbani. Barabara, usalama, gharama. Wanazo sababu, na nyingine ni za kweli. Sasa dosie ikifika wakati wa kuangaliwa upya, mgonjwa hutuma picha kwa simu, yeye na mazingira yake, na kamati inaamua kwa kutazama picha hiyo tu. Justin ndiye kiongozi wa kamati sasa. Wiki iliyopita alinipigia simu.

"Mama Sosiali, Papa Bahati ametuma photo yake."

"Iko namna gani?"

Badala ya kujibu akanitumia. Papa Bahati alikwenda studio. Yuko kwenye kile kiti cha dhahabu cha mabwana harusi, amevaa suti nyeusi yenye kifungo kinachomeremeta. Mama Mapendo amesimama kando yake na maua ya plastiki. Nyuma yao kuna ghorofa ndefu, magari mawili, na bahari ya mahali fulani. Kofia iko kichwani.

"Mimi ninajua," Justin alisema. "Nilikaa pale. Lakini wajumbe wengine ni wapya, na sheria inasema tuamue kwa photo."

Nilikwenda Keshero siku ile ile. Nilimweleza Papa Bahati polepole, jinsi ambavyo ningewaeleza ninyi. Nikamwomba tupige picha nyingine, hapa hapa, na simu yangu, akiwa kama alivyo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mama," akasema, "ile photo itaenda mbali, hapana?"

"Itaenda mpaka kwa wafadhili."

"Na itabakia kule. Mi siwezi kuifuata kuwaeleza kitu. Batoto babo bataiangalia, na mi sitakuwa pale kubakaribisha. Sasa we unataka banione namna gani?"

Nimefanya kazi hii maisha yangu yote, na niliirudisha simu mfukoni bila kupiga picha. Mama Mapendo naye alikuwa ameinamia ungo wake na hakunisaidia.

Chupa ya insulini aliyo nayo ni ya mwisho. Kamati inakaa Alhamisi. Leo asubuhi nilimpigia Justin simu kuuliza kama kuna picha nyingine iliyofika kutoka Keshero, na aliniambia bado.